Mashine ya Gesi

Mtaa mzima wa Kikuyu ulikuwa na maoni kuhusu majani ya Raheli. Kwa miaka miwili mwanamke huyu alikuwa akimwagilia ukoka kwa maji aliyooshea vyombo na maji aliyofulia, katika mji ambao kuanzia Juni hadi Novemba hata mbwa analala kwenye kivuli cha nguzo ya umeme. Watu walipita nje ya uzio wa minyaa, wakachungulia, wakasikitika kwa sauti ya kusikika. "Angepanda hata mchicha. Majani huli, huuzi, na ng'ombe huna. Ya nini sasa?"

Ya biashara, ndivyo alivyowajibu. Raheli alikuwa ameona kwamba kumbi za mjini zimepanda bei na watu hawaachi kuoana. Mwenye uwanja mpana, choo safi na majani ya kupigia picha angeweza kuukodisha kwa kichen pati, kwa ubarikio, kwa sendofu. Mumewe Stanley, dereva wa ofisi moja ya serikali, alicheka. Mama mkwe wake, Bibi Debora, hakucheka. Aliuliza tu kama majani hayo yanaliwa. Mpangaji wao wa chumba cha uani, Anifa, mama yake Aiman, muuza barafu na lambalamba, alicheka kwa niaba ya wote waliokuwa hawapo.

Sasa ilikuwa Februari. Mvua ilinyesha wiki mbili mfululizo, ukoka ukapanda hadi magotini, na Jumatano asubuhi, siku tatu kabla ya shughuli ya kwanza ya maana, mteja akaja kukagua.

Mteja alikuwa Mama Jordan, mwenyekiti wa kamati ya kichen pati ya binti wa dada yake. Alikuja na gari lake, na viatu vya visigino virefu, na uso wa mtu aliyekwisha lipa nusu. Siku moja kabla, Octavian mfyekaji alikuwa amepita na fyekeo lake. Octavian alifyeka kama mtu anayegombana na majani: hapa kipara, pale kichaka, na katikati visiki vimesimama kama sindano. Mama Jordan alipiga hatua nne. Hatua ya tano kisigino kikaingia kati ya visiki, kikakataa kutoka, mguu ukachomoka peke yake. Akasimama kwa mguu mmoja kama korongo, mkono begani kwa Raheli.

"Mama Anitha," alimwita kwa jina la bintiye.

"Abee, dada."

"Nilikwambia nataka kapeti. Hiki ni nini?"

"Ni ukoka, dada. Utanyooka tu."

"Hiki ni kichwa cha mtoto aliyenyolewa na mwenzake shuleni." Akainama, akang'oa kiatu, akakipulizia udongo. "Sikiliza. Jumamosi saa nane nina wanawake sitini, na nusu yao wanavaa visigino virefu kuliko hivi. Nikikuta hali hii, nageuza gari naenda ukumbini, na ile nusu yangu unanirudishia. Wenzio wenye bustani wana mashine. Wewe unatumia panga?"

"Fyekeo, dada."

"Ndiyo hilo panga lenyewe, limepinda tu."

Akaondoka. Raheli akabaki katikati ya uwanja akiangalia tundu la kisigino. Wanawake sitini si wageni, ni midomo sitini. Watano kati yao walikwisha mpigia simu kuuliza bei, wote wakamalizia vilevile: ngoja kwanza tuone ya Mama Jordan. Jumamosi ikienda vizuri, uwanja unajaa hadi baada ya Pasaka. Ikiharibika, atakuwa yule mwanamke aliyemwagilia majani miaka miwili ili Mama Jordan avue kiatu.

*

Saa sita mchana cherehani lilikwisha uzwa.

Lilikuwa cherehani la miguu, meza ya mbao, lililokaa barazani miaka kumi na sita. Zamani lilishona magauni. Siku hizi lilibadilisha zipu na kupandisha pindo za suruali, maana watu wananunua nguo zilizokwisha shonwa. Hata hivyo mguu wa kulia wa Raheli haukuwa na habari kwamba kazi imepungua. Akifikiria jambo, mguu ulikanyaga na kuachia, kanyaga, achia, hata kanisani, hata kwenye foleni ya benki.

Aliyelinunua alikuwa fundi mmoja wa Zuzu, Jaha, mwanamke mkimya aliyekuja na bajaji na fedha mkononi. Alikagua sindano, akazungusha gurudumu, akatoa laki tatu. Kisha akaona mtungi mdogo wa gesi kwenye kona ya jiko, mpya, umefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Na huu hauuzwi? Mkaa umeniua, dada yangu."

"Chukua bure," alisema Bibi Debora kutoka kwenye kigoda chake. Mtungi ule alinunuliwa yeye na mwanawe Krismasi, na tangu siku hiyo alikuwa akiupitia mbali. "Chukua, mwanangu, Mungu akubariki."

"Mama, hauuzwi na hautolewi," alisema Raheli haraka.

Jaha akatabasamu, akalifunga cherehani kwa kamba. "Ukilikumbuka, njoo tuelewane. Mimi sina shida."

Stanley alirudi kazini akakuta saruji ya baraza ina alama nne nyeupe za miguu ya meza.

"Cherehani liko wapi?"

"Nimeuza. Tunanunua mashine ya majani."

"Bila kuniuliza?"

"Ulipouza baiskeli yangu uliniuliza?"

Stanley akaona kesi ile bado mbichi, akahamia kwenye mashine. "Haya. Basi ni ya petroli."

"Ya umeme," alisema Raheli.

"Petroli ndiyo mashine, mama. Inanguruma. Mtaa mzima unajua hapa kuna kazi. Ya umeme ni kama pasi, unasukuma pasi uwanjani?"

"Na hiyo petroli utainunulia wapi?"

"Kituoni, wapi kwingine?"

"Kituoni karibu na grosari ya pombe, au kituoni ndani ya grosari? Kidumu kimoja cha petroli utakifuata saa tisa urudi saa moja, unanuka mafuta ambayo si ya mashine."

Msaada ulimjia Stanley kutoka asikotegemea. Anifa alikuwa anapita na ndoo, na masikio ya Anifa hayakuwahi kupita na ndoo.

"Samahani wenye nyumba, simo. Ila mkisema umeme, LUKU ni moja. Nusu ninalipa mimi, na friza langu lina lambalamba mia mbili. Unit zikiisha katikati ya majani yenu, mimi nitauza maji ya rangi?"

"Mama Aiman, hujaulizwa."

"Ndiyo maana nimesema simo."

Bibi Debora akapendekeza mbuzi. Mbuzi hawana waya wala kidumu. Raheli akamweleza kwamba mbuzi wanakata upande mmoja na kutia mbolea upande wa pili, na Mama Jordan hakuagiza mbolea. Bibi akasema enzi zake bibi harusi alikuja amekanyaga mavi ya ng'ombe na ndoa zikadumu.

Ndipo simu ya Stanley ikalia. Mdogo wake, Henry, yuko Marekani mwaka wa kumi na moja, na kwa sababu hiyo anajua kila kitu. Stanley alikuwa amemtumia swali wakati Bibi akieleza habari za mbuzi. Sasa lilirudi jibu kwa sauti, na wote wakasogea kusikiliza.

"Kaka, shikamoo. Hiyo habari ya majani msihangaike. Ya umeme ni mchezo wa watoto. Kamata ya gesi. Mimi hapa kila Jumamosi nakata mwenyewe, ya gesi, na majirani zangu wote ya gesi. Ina nguvu, inakata hata kichaka. Msalimie mama."

Stanley akarudisha simu mfukoni.

"Ya gesi?" aliuliza Raheli.

"Ya gesi," alisema Stanley, kwa sauti ya mtu aliyekuwa na wazo hilohilo tangu asubuhi. "Sasa ajabu iko wapi? Dar bajaji zinatembea kwa gesi. Magari yanatembea kwa gesi. Sembuse kijimashine cha majani!"

Kadiri walivyolitazama jambo hili ndivyo lilivyozidi kupendeza. Gesi haili LUKU, kwa hiyo Anifa aliridhika. Gesi hainunuliwi karibu na grosari, kwa hiyo Raheli aliridhika. Na mtungi walikuwa nao, haujaguswa tangu Krismasi. Nyumba ile haikuwa imekubaliana kitu kwa pamoja tangu kuzaliwa kwa Anitha, na Anitha sasa alikuwa bweni, kidato cha tatu.

"Mtazungusha bomu uwanjani?" alisema Bibi Debora. "Basi mimi nahamia Mtera kwa dada yangu."

*

Alhamisi Stanley aliomba ruhusa ya siku mbili ofisini, akavaa shati la mikono mirefu, akaenda mjini, Majengo, na mtungi. Alitaka aujaribishe palepale, aone kama unaingia.

Duka lilikuwa la Hashimu, kijana anayeuza mashine za mtumba: pampu, jenereta, vinyolea majani vya kila aina. Mbele ya duka palikuwa na benchi, na kwenye benchi wazee watatu wenye kofia wanakunywa kahawa na kungoja kitu cha kuzungumzia.

"Shikamoo mzee," alisema Hashimu.

"Marahaba. Nataka mashine ya kukatia majani."

"Zipo. Ya umeme au ya petroli?"

"Ya gesi."

Hashimu akamtazama Stanley. Akautazama mtungi kwapani. Akamtazama tena Stanley.

"Ya nini, mzee?"

"Gesi. Ile yenye nguvu. Mtungi ninao, usinipigie hesabu ya mtungi."

Kikombe kimoja cha kahawa kikashuka taratibu hadi kwenye benchi. Stanley hakuona. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mashine nyekundu ya petroli, anazungusha mtungi huku na huku, anapima nafasi nyuma ya mpini. "Hapa unakaa," alisema. "Ukifungwa kamba ya mpira, unakaa kabisa."

"Mwanangu," alisema mzee wa kwanza, "unataka kuyakata au kuyakaanga?"

"Huo ni wa kilo sita," alisema wa pili. "Utamtosha? Kwa uwanja mkubwa si achukue wa kumi na tano?"

"Na jiko lake liko upande gani?" aliuliza wa tatu, kwa upole mkubwa. "Ili mtu akiwa anakata, chai iwe inachemka."

Benchi likatikisika. Fundi wa viatu ng'ambo ya barabara akainua kichwa, akaja. Hashimu peke yake ndiye alijitahidi, aliuma mdomo, akauliza, "Mzee, nani alikwambia gesi?"

"Mdogo wangu. Yuko Marekani."

"Basi, tumefika. Marekani petroli ndiyo wanaiita gesi. Kituo cha mafuta kwao ni kituo cha gesi. Hiyo uliyoishika ndiyo ya gesi yenyewe. Laki tatu kamili, na kwa uwanja wa shughuli itakufaa, haina waya, unakwenda nayo hadi uzioni. Nikufungie?"

Hapa ndipo Stanley angekuwa ameokoka. Fedha ilikuwa mfukoni, mashine ilikuwa mbele yake, tena ndiyo aliyoitaka tangu mwanzo. Lakini kuichukua sasa, mbele ya benchi lile, ilikuwa ni kutia sahihi. Kila atakapokwenda kituoni na kidumu, mtu angeuliza: umekuja kuchukua gesi? Akasimama, akafuta magoti.

"Nilikuwa nawapima," alisema. "Mimi nataka ya umeme."

"Ya umeme ipo, laki mbili na nusu. Lakini mzee, kutoka kwenye soketi hadi mwisho wa uwanja ni hatua ngapi?"

"Zinazotosha."

"Waya mrefu unao?"

"Upo."

"Usikate yakiwa na maji. Na waya uwe nyuma yako siku zote, usiuzunguke."

"Kijana, nimeendesha magari miaka ishirini na miwili."

"Sawa, mzee," alisema Hashimu. "Ila gari halina waya."

*

Hashimu, kwa bahati mbaya, alikuwa mtoto wa mjomba wake Anifa. Familia zile za zamani za mjini ni kama kamba moja, ukivuta Majengo inatikisika Kikuyu. Bajaji iliposimama getini, Anifa alikuwa amekaa kizingitini anamenya bakuli la maboga yasiyohitaji kumenywa.

"Karibu, Baba Anitha! Pole na safari. Mbona mtungi umerudi? Haukuingia?"

Stanley akapita. Akaishusha mashine, kitu cha kijani chepesi, ukubwa wa beseni. Akamrudishia Raheli chenji yote hadi ya mwisho, jambo ambalo lilimtia Raheli wasiwasi kuliko kitu kingine.

"Ya umeme?"

"Si ndiyo uliyoitaka?"

"Jana ulisema gesi. Nini kimetokea?"

"Nimetumia akili."

Kutoka kizingitini Anifa akacheka hadi bakuli likaanguka, na ndani ya robo saa Raheli alikuwa na hadithi nzima, pamoja na chai iliyokuwa ichemke. Hakucheka. Alitoka uwanjani akapiga hatua kutoka dirisha la sebule, penye soketi, hadi kwenye minyaa: thelathini na moja. Waya wa nyongeza waliokuwa nao, ule wa televisheni, ulikuwa hatua kumi na mbili, na katikati umefungwa kwa plasta ya kidonda.

"Uliuliza habari ya waya?" alimuuliza mumewe.

"Aliniuliza yeye."

Mchana ule mvua ikanyesha, ukoka ukainama kwa furaha, ukanywa.

*

Ijumaa saa nne, jua likiwa limekausha umande, watu wa mtaani walijisogeza kwenye uzio. Stanley aliunga waya wa televisheni na wa pasi na mwingine wa kuazima. Raheli alimwomba amwachie asukume. "Hii ni mashine," alisema Stanley, "si cherehani," na mara moja akatamani maneno yarudi, maana Raheli aligeuza uso akatazama baraza.

Lazima isemwe ukweli: ilikata. Ilinguruma kidogo kama nyuki aliyefungiwa koponi, na nyuma yake ukabaki mstari laini, sawasawa, wa kijani cha chini ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Watu wa uzioni wakasogea zaidi. Mwanamke mmoja akasema, "Jamani, kama kapeti kweli." Stanley akasikia. Akaongeza mwendo. Aliendesha kama alivyoendesha gari la mkurugenzi, kifua mbele, akakata kona kuuzunguka mwarobaini ulio katikati ya uwanja, akauzunguka tena, kwa madaha, na waya nao ukamfuata, ukauzunguka mwarobaini, ukafupika, ukamtangulia.

Pakalia pa! na cheche moja ya buluu. Mashine ikanyamaza, redio ya Anifa ikanyamaza, friza likashusha pumzi ndefu. Stanley alikuwa amesimama mikono juu kama mtu aliyeambiwa na polisi asitikisike. Vipande viwili vya waya vililala mbele yake kama nyoka aliyekatwa.

"Amekufa?" aliuliza Bibi Debora barazani.

"Hajafa, Mama," alisema Raheli.

"Basi avue hilo shati, asiliharibu."

Umeme ulirudi baada ya kuinua swichi kwenye boksi. Waya haukurudi. Stanley alikaa chini ya mwarobaini, kichwa kati ya magoti, na watu wa uzioni wakaanza kutawanyika wakiwa na cha kupeleka nyumbani. Uwanja ulikuwa na mistari saba mizuri na iliyobaki ni pori. Zilibaki saa sita za mwanga.

Raheli alisimama barazani, na mguu wake ulikanyaga na kuachia juu ya saruji tupu, pale palipokuwa na cherehani. Kisha akashuka, akaenda uani, akagonga mlango wa mpangaji wake. Kwa mwenye nyumba kumgongea mpangaji, tena mpangaji yule, ni safari ndefu kuliko hatua thelathini na moja.

"Mama Aiman. Waya wa friza lako. Ule mweusi mnene."

Anifa akaegemea mlango. "Umefanyaje?"

"Una urefu gani?"

"Nilinunua mita thelathini, ili umeme unifikie uani. Mimi nilipima kabla ya kununua."

"Naomba niutumie hadi jioni."

"Na lambalamba mia mbili?"

"Zikiyeyuka nitazilipa."

"Kwa nini? Kwa majani?" Anifa akacheka, lakini cheko halikufika mwisho. Alikuwa ameuona uso wa Raheli. Akatazama kando. "Miaka miwili nimekucheka, Mama Anitha. Unajua?"

"Nasikia. Ukuta ni wa tofali moja."

"Hukuwahi kunijibu."

"Nilikuwa namwagilia."

Anifa akafikiri. Biashara ilikuwa damuni mwake kabla reli haijafika mjini. "Kesho wanawake sitini. Vinywaji baridi nauza mimi, peke yangu. Na nakaa mbele, si nyuma kwenye moshi wa pilau."

"Umekaa mbele."

"Na LUKU ya mwezi huu?"

"Yangu."

"Na utaniambia Mama Jordan viatu vyake ananunua wapi." Akainama, akachomoa waya.

Kazi iliyofuata watu wa Kikuyu wanaielezea hadi leo, kila mtu kwa namna yake. Fundi cherehani hakati kitambaa kabla ya kukichora. Raheli aliomba chaki, hakuna aliyekuwa nayo. Bibi Debora akainuka kwenye kigoda, akaenda jikoni, akarudi na karai la majivu. "Ndiyo faida ya kutopikia bomu," alisema. Wakavuta kamba kutoka dirishani hadi kwenye minyaa, na bibi yule wa miaka sabini na tano akatembea juu yake akimwaga majivu kidogokidogo, mstari mmoja, mwingine, mwingine, uwanja ukawa kama kitambaa mezani.

Raheli akavaa mabuti ya Stanley. Waya aliupitisha begani, akaufunga fundo kwenye khanga kiunoni ili ubaki nyuma daima. Akaanzia penye soketi, akaenda mbele, akarudi, akaenda. Kila mstari aliupandisha kidogo juu ya wenzake, upana wa vidole vitatu, kama pindo. Kwenye mwarobaini hakuuzunguka. Aliukabili, akarudi nyuma, akaja upande wa pili, akakabili tena, kama anavyokata kwapa la gauni. Stanley aliinua kichwa. Baadaye akainuka, akaja kushika waya, akaulisha taratibu kila alipoombwa.

Saa kumi na moja na nusu waya ulifika mwisho wake. Ilibaki pembe moja, hatua mbili kwa tatu, bado pori.

"Meza ya zawadi," alisema Raheli, "itakaa pale."

*

Jumamosi saa nane kasoro robo Mama Jordan alishuka garini. Visigino vilikuwa virefu kuliko vya Jumatano. Alikuwa amevivaa kwa makusudi. Stanley, ambaye angefukuzwa wageni wakianza kuingia maana kichen pati haina wanaume, alikuwa bado anapanga viti. Anifa alikuwa mbele, nyuma ya maboksi ya barafu, amevaa dera jipya. Bibi Debora alikuwa amejifunga kitenge cha kanisani.

Mama Jordan alipiga hatua nne. Ya tano. Ya sita. Alikwenda hadi kwenye mwarobaini, akageuka, akarudi. Akasimama akalitazama jani moja moja kama anayehesabu.

"Mama Anitha," alisema, "hapa nitalala chini nipigwe picha."

Raheli alishusha pumzi ambayo alikuwa ameishikilia tangu Jumatano. Barafu zikagongana kwa Anifa.

"Na kuna jambo lingine, tulimalize kabla wenzangu hawajafika," aliendelea Mama Jordan, akifungua mkoba. "Sare za harusi. Magauni arobaini, vitenge vimefika. Kamati walitaka tuhangaike na mafundi wa sokoni, nikawaambia wa nini, Mama Anitha ana cherehani lake pale barazani na mkono wake naujua. Mwenye kupima majani hivi atashindwa na magauni? Yote arobaini ni yako. Nilete lini?"

Bibi Debora akazitazama zile alama nne nyeupe kwenye saruji, akasogeza kigoda chake, akakaa juu ya mbili kati yake. Anifa alikuwa ameshika chupa ya juisi, ikabaki hewani.

"Lete Jumatatu, dada," alisema Raheli. Uso wake haukutikisika hata kidogo.

Lakini chini ya upindo wa sketi, juu ya ukoka alioukata mwenyewe, mguu wa kulia ulikuwa unakanyaga na kuachia, kanyaga, achia, na Stanley, viti vitatu mkononi, aliuona. Miaka kumi na sita alikuwa amesinzia kwa mlio wa mguu ule. Akaviweka viti chini. Akaingia jikoni. Akatoka na mtungi kwapani, ameuvua kitambaa chake cha kufuma, akalielekea geti kwa hatua za mtu anayejua anakokwenda.

"Upeleke!" Bibi Debora alimwita kutoka kigodani. "Usirudi nao!"

"Baba Anitha, viti hujamaliza!" Raheli alisema.

"Nakuja. Nafika Zuzu mara moja, kwa Jaha."

Mama Jordan aligeuka akamsindikiza kwa macho hadi mtungi ulipopotea nyuma ya minyaa. "Huyu naye, siku ya shughuli, anakwenda wapi na gesi?"

"Anafuata mashine," alisema Raheli.

"Mashine gani?"

Anifa akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Ya gesi, dada," alisema Raheli. "Karibu ukae."